Pakiti Mbili, Jina Moja

Mimi si mtu wa kutulia. Wanawake wenzangu wa kijiji cha Mindimbong wakiketi kusuka bilumu, mifuko yetu ya nyuzi tunayoning'iniza kichwani, mimi nasuka huku natembea. Nikimenya viazi vitamu, nasimama. Kanisani nakaa karibu na mlango ili mguu mmoja ubaki nje. Mume wangu, Sanangke, husema ameoa mvua ya huku kwetu ya Agosti: haitulii wala haikatiki.

Naitwa Hefanu. Jina langu nalitaja bila shida. Jina la mama mkwe wangu silitaji. Kwetu mke hatamki jina la mama wa mumewe. Likimponyoka, anatoa kuku mmoja na kuomba radhi mbele ya ukoo. Nimelelewa hivyo, na sijawahi kutoa kuku.

Sasa sikiliza. Binti yangu naye ana jina hilohilo. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi yake, mama wa baba. Basi nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemfundisha kutembea, na sijawahi kumwita jina lake. Mimi humwita Muruk, kama yule ndege mrefu wa msituni asiyeruka, mwenye miguu isiyochoka. Wakati wa habari hii alikuwa na miaka mitano. Bibi yake alimwita "wajina".

"Wajina! Njoo unitafutie chokaa yangu ya popoo," mama mkwe aliita kila asubuhi.

"Bibi, umeikalia!"

"Nimeikalia? Mbona haipigi kelele?"

Muruk alicheka, akamsukuma, akatoa kile kibuyu cha chokaa chini ya makalio ya bibi yake. Kisha mama mkwe alitafuna popoo yake, ile kokwa inayotafunwa na chokaa, akatema mate mekundu nje, akanigeukia.

"Na wewe, Hefanu, kaa chini. Unanizungushia kichwa."

Sikukaa.

Mwaka huo kanisa lilifungua darasa la watu wazima kwenye ghala la zamani la kahawa. Tulisoma Jumanne na Alhamisi, baada ya kutoka shambani. Mwalimu alikuwa Tabita, jirani yetu, mwanamke wa pwani aliyeolewa huku mlimani. Pale ghalani hapakuwa na ubao tu. Upande mmoja palitandikwa mkeka, na mama mmoja mzee aliwaangalia watoto wetu wakati tunasoma. Kwenye boriti ilining'inia mizani ya kupimia watoto. Kila Alhamisi ya pili Sista Yaling, nesi wa kituo cha afya, alipanda mlima kuja kuwapima na kuzungumza na akina mama.

"Nikikufundisha huku mtoto wako analia nje, utamsikiliza nani?" Tabita alituuliza. "Utamsikiliza mtoto. Basi mleteni ndani."

Nilienda mara nne. Mara zote nne niliondoka kabla ya mwisho. Benchi liliniwasha. Tabita alipoandika herufi, mimi kichwani nilimwona nguruwe wangu akivunja uzio. Mara ya nne nilisema naenda chooni, nikaenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Leo shule imeisha mapema?"

"Tumemaliza, Mama."

"Mmemaliza nini?"

"Kusoma."

"Kusoma kote?"

"Kote."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wa watu huyu! Kwa siku nne amemaliza kusoma kote! Mwanangu alifika darasa la sita, na barua bado anaisukuma kwa kidole."

"Yeye mzito," nikasema. "Mimi mwepesi."

Ulikuwa uongo mdogo. Niliuweka tu pale, nikaenda kulisha nguruwe. Sikujua kwamba utakua.

*

Wiki mbili baadaye Muruk alishikwa na kikohozi. Kifua kilimpanda na kushuka haraka. Sanangke hakuwapo. Alikuwa ameteremka mjini Lae na magunia ya kahawa ya ukoo. Wiki hiyohiyo dawa ya presha ya mama mkwe ilikwisha.

"Nenda na mtoto," akaniambia. "Na mimi niletee zangu. Mwambie nesi ni zilezile."

Nilimbeba Muruk mgongoni. Kutoka kwetu hadi kituo cha afya ni mwendo wa saa tatu, kuteremka. Sista Yaling hakuwapo siku hiyo. Daktari msaidizi alimsikiliza Muruk kifua, akaandika karatasi. Nikaenda nayo kwenye dirisha la dawa. Pale alikuwapo kijana mmoja mgeni, mwenye haraka kuliko mimi.

"Jina la mgonjwa?"

Nikamsogeza Muruk mgongoni.

"Dada, jina la mgonjwa nani?"

"Ni mama mkwe wangu. Anataka dawa zake za presha."

"Sawa. Mama mkwe anaitwa nani?"

Nikatazama dari. Wanawake kwenye foleni wakaanza kucheka chini chini. Mmoja wao, aliyenihurumia, akalitaja kwa niaba yangu. Kijana akaandika kwenye pakiti ndogo ya plastiki.

"Haya. Na ya mtoto? Mtoto anaitwa nani?"

"Hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi?"

"Kama hilo uliloandika."

Akainua mabega, akaandika tena. Hakuuliza umri. Mimi sikumwambia. Akanipa pakiti mbili.

"Hii ya mama: kidonge kimoja, mara moja, asubuhi. Hii ya mtoto: nusu asubuhi, nusu jioni, siku saba. Umesikia? Mwingine!"

Vidonge vya pakiti zote mbili vilikuwa vyeupe. Nilitazama maandishi. Niliona vijiti na viduara tu, na kwenye pakiti zote mbili vijiti vya juu vilifanana. Lakini mimi nina akili zangu. Nilitoa uzi mwekundu kwenye bilumu yangu, nikaufunga kwenye pakiti ya mama mkwe. Mwekundu wa bibi. Isiyo na kitu ya mtoto. Nikapanda mlima nikijisifu.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Nilimpa Muruk nusu yake asubuhi na nusu jioni. Mama mkwe alimeza chake. Pakiti nilizitia kwenye kikapu kimoja juu ya nguzo, mbali na mtoto.

Siku ya pili niliamka nikaziona pakiti mbili zinafanana kabisa. Uzi haukuwapo.

"Mama," nikasema, "ule uzi mwekundu uko wapi?"

Alikuwa ameketi mlangoni na bilumu yake mpya mapajani. Akaiinua juu kwa furaha.

"Huu hapa! Lile ua lilikosa mwekundu kidogo tu pembeni, nikauona pale umekaa bure. Tazama. Umeingia vizuri, sivyo?"

Ulikuwa umeingia vizuri sana.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa rahisi: Mama, sijui ipi ni ipi. Mama, sikumaliza kusoma, hata sikuanza. Lakini nikaona atakavyocheka, na mate mekundu, na majirani watakavyosimuliwa.

"Mbona unazitumbulia macho?" akauliza. "Si umesoma kote? Soma basi."

Nikazigeuza zile pakiti mkononi. Nikakunja uso kama mtu anayesoma.

"Hii ya mtoto," nikasema. "Hii yako."

Nilibahatisha. Nilikosea.

*

Jioni ya siku hiyo Muruk hakukimbia. Alikaa karibu na moto akasema kichwa kinazunguka. Nikasema ni homa. Nikampa nusu nyingine. Siku ya tatu asubuhi nilimwita, akafungua macho, akayafunga. Nikamsimamisha. Miguu ile isiyochoka ikakunjika kama majani ya mboga yaliyotiwa maji ya moto. Mikono yake ilikuwa baridi.

Nyuma yangu mama mkwe aliketi ameshika kichwa.

"Kinagonga," akasema. "Tangu jana kinagonga. Na macho yanaona ukungu. Dawa safari hii si nzuri."

Nilimchukua mtoto begani, nikashika zile pakiti, nikatoka mbio. Sikukumbuka hata kufunga mlango. Tabita alikuwa anafagia uwanja wake.

"Nisomee!" nikapiga kelele. "Nisomee hizi! Ipi ya mtoto?"

Akatupa ufagio. Akasoma pakiti ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi ya kwanza.

"Hefanu, zote mbili zina jina moja."

"Najua zina jina moja!"

"Ni la mtoto au la mkwe wako?"

"Ni la wote wawili! Soma ipi ya nani!"

"Tulia. Chini ya jina kuna maneno mengine. Hii imeandikwa kimoja, mara moja kwa siku. Hii imeandikwa nusu, mara mbili kwa siku. Nusu ni ya nani?"

"Ya Muruk."

Akainua ile pakiti iliyoandikwa nusu. Ilikuwa pakiti niliyompa mama mkwe.

Tabita aliuona uso wangu. Alitoa simu akampigia Sista Yaling. Sauti ya Sista niliisikia hata mimi.

"Mleteni sasa hivi. Msimpe kidonge kingine, si hiki wala kile. Msimlazimishe kutapika. Mlazeni, mfunikeni. Na bibi yake aje pia. Pakiti zote mbili mje nazo, msizitupe."

Gari la kahawa lilikuwa linateremka asubuhi ile. Tabita alisimama katikati ya barabara na kulisimamisha kwa mikono miwili. Mama mkwe tulimsukuma juu ya magunia, Tabita naye akapanda. Njia nzima Muruk alilala mapajani mwangu, na mimi, nisiyeweza kukaa, nilikaa. Nilihesabu pumzi zake mpaka namba ninazozijua zikaisha, nikaanza tena moja.

*

Sista Yaling alimfunga Muruk kitambaa cha kipimo mkononi, akapima, akapima tena. Akamwekea maji ya mshipa. Akainua miguu yake juu ya mto. Baadaye akamgeukia mama mkwe akampima na yeye. Alipomaliza alituita mezani akaziweka zile pakiti mbili mbele yetu.

"Hii ni dawa ya presha," akasema. "Kazi yake ni kushusha presha ya mtu mzima ambayo imepanda. Mtoto presha yake haijapanda. Ukimpa, inashuka chini mno. Ndiyo maana alikuwa baridi, akashindwa kusimama. Hii nyingine ni ya kifua. Bibi ameimeza bure, na presha yake imebaki bila dawa. Ndiyo maana kichwa kinagonga."

"Mtoto atapona?" nikauliza.

"Namwangalia mpaka kesho. Nadhani atapona. Alipewa mara ngapi?"

"Mara mbili. Nusu na nusu."

"Ungempa siku zote saba, Hefanu, tusingekuwa tunazungumza hivi."

Mama mkwe akasema polepole, bila kunitazama:

"Ulisema umesoma kote."

"Nilidanganya, Mama."

"Ulizigeuza zile pakiti ukakunja uso."

"Nilikunja uso tu. Nilibahatisha." Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji. "Nisamehe, Mama. Kwa kubahatisha, nisamehe." Nikaenda kitandani nikamwambia Muruk hivyohivyo, ingawa alikuwa amelala.

Sista alisubiri nirudi.

"Sasa nisikilizeni nyote wawili," akasema. "Na sisi tumekosea. Pakiti ya dawa inatakiwa iwe na jina lote, umri, ugonjwa, kiasi na saa. Yule kijana ameandika jina moja mara mbili bila umri. Nitazungumza naye. Lakini na nyinyi mna haki ya kudai. Semeni: andika umri. Semeni: rudia, sijaelewa. Na mkifika nyumbani mkasahau, msibahatishe. Acheni kumeza, ulizeni kwanza. Kuuliza kunachelewesha dawa kwa saa chache. Kubahatisha mmeona kulikotuleta."

"Na uzi?" mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyechukua uzi."

"Uzi ni uzi, Bibi. Unafunguka. Maandishi ya wino hayaingii kwenye bilumu ya mtu."

Tabita alicheka. Mama mkwe naye alicheka kidogo, akashika kichwa.

Kesho yake saa nne Muruk aliketi, akaomba ndizi, akauliza kwa nini bibi yake hana popoo. Nikatoka nje nikazunguka jengo zima mara tatu.

*

Jumanne iliyofuata nilikwenda ghalani. Nilisimama mlangoni.

"Siwezi kukaa kwenye benchi," nikamwambia Tabita. "Nimejaribu. Siwezi."

"Nani alikwambia herufi zinaingilia makalio?" akajibu. "Simama. Chukua mkaa. Andika kwenye mlango."

Basi nilijifunza nimesimama. Nilitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, nasuka, nasoma neno, nageuka, nasuka. Wenzangu walinitania kwamba nasoma kama nguruwe aliyefungwa kamba. Lakini sikuondoka. Tabita hakunianzisha na mistari ya herufi peke yake. Aliniuliza nataka kusoma nini kwanza, nikamwambia: asubuhi, jioni, nusu, moja, mbili. Tulianzia hapo. Baada ya wiki tatu niliandika HEFANU kwenye mlango wa ghala kwa mkaa, kubwa, na sikukubali mtu alifute.

Sanangke aliporudi kutoka Lae alisikia yote njiani kabla ya kufika. Tabita alimwita kwenye siku ya familia, siku moja ya kila mwezi ambapo waume na wakwe huja ghalani.

"Jumanne na Alhamisi nani anapika kwenu?" Tabita akamuuliza.

"Hefanu."

"Akiwa hapa?"

"Basi Mama."

"Mama magoti yanauma."

Wanaume wengine wakatazama chini. Sanangke akakuna kichwa. "Viazi najua kuchoma," akasema. Alichoma viazi, nusu vibichi, nusu makaa. Tulivila.

Mwezi wa tatu tangu nirudi darasani, Sista Yaling alituletea karatasi ngumu. Kila familia iandike wagonjwa wake wenyewe: jina, umri, dawa, kiasi, saa. Kisha itundikwe nyumbani mahali pa wazi, mbali na moshi.

Nikachukua kalamu. Nikasimama.

"Hefanu," akasema mwenzangu mmoja wa darasa, "utaandika jina la mkwe wako?"

"Na la mtoto wangu."

"Ni lilelile!"

"Najua ni lilelile. Nimelibeba miezi tisa."

"Mdomo umekatazwa. Mkono je?"

Wote wakamtazama Tabita. Akainua mikono.

"Mimi mtu wa pwani. Kazi yangu kufundisha herufi. Hilo la ukoo ni lenu. Hefanu, ukitaka Sanangke akuandikie, hakuna ubaya."

Nilifikiri. Sanangke husafiri. Aliposafiri mara ile, nilibaki peke yangu na pakiti mbili na mdomo uliofungwa. Mkono haukufungwa. Hakuna babu aliyeukataza, kwa sababu hakuna babu aliyeandika.

Nikaandika. Kulikuwa na mistari miwili. Mstari wa kwanza: jina, miaka sitini na tatu, presha, kimoja, asubuhi. Mstari wa pili: jina, miaka mitano, na mahali pa dawa nikaacha wazi, maana siku hiyo hakuwa mgonjwa. Herufi ya kwanza ya jina niliikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Kwenye mstari wa pili niliandika bila kukandamiza.

Nikaitundika nyumbani, kwenye nguzo ya mlangoni.

*

Ilikaa siku mbili. Siku ya tatu akaja Gidisu, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Alisimama mbele ya nguzo akisoma kwa midomo. Kisha akatoka uwanjani akipiga makofi.

"Njooni! Njooni mwone! Mke wa Sanangke ameandika jina la mama mkwe wake! Ameliweka nguzoni kama tangazo la mnada!"

Watu wakaja. Sanangke akatoka shambani na panga mkononi. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, Muruk amemshika mkono.

"Hajatamka, Baba Mdogo," Sanangke akasema.

"Kuandika ni kutamka kwa watu wengi! Mimi nimesoma, nikalisikia kichwani mwangu!"

"Basi kichwa chako ndicho kilichotamka," nikasema. "Wewe toa kuku."

Watu wakacheka. Gidisu akawa mwekundu kuliko mate ya popoo.

"Mke huyu hana adabu! Kuku mmoja na radhi, mbele ya ukoo, leo!"

Mama mkwe akainua fimbo. Kelele zikakatika. Akatembea mpaka nguzoni, polepole, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka sitini na tatu na hakuwahi kuonyeshwa jina lake limeandikwa.

"Hefanu. Mimi ni yupi?"

Nikaenda nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Sikufungua mdomo kulitaja.

"Huyu, Mama."

Akaweka kidole chake pale, chenye doa la chokaa. Akalifuata jina toka mwanzo mpaka mwisho.

"Na wajina wangu?"

"Huyu wa chini."

"Tunafanana."

"Jina linafanana. Tazama hapa. Wewe sitini na tatu. Yeye tano. Hapa ndipo mnapoachana."

"Hapa," akarudia. "Hapa ndipo tunapoachana." Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akawageukia watu, naye ni mwanamke wa ukoo, na ukoo ulikuwa unamtazama.

"Karatasi inabaki," akasema. "Atakayeitoa, nitamvunja kwa fimbo hii. Lakini desturi ni desturi. Hefanu, mkamate kuku, useme radhi, tule, yaishe."

Sanangke akaninong'oneza, "Sema tu. Ni neno moja."

Nikawatazama wote. Nikamtazama Muruk akiruka kwa mguu mmoja nyuma ya bibi yake.

"Kwa kubahatisha niliomba radhi," nikasema. "Nilipiga magoti kwenye saruji. Kwa kuandika siombi."

Hawakula kuku siku hiyo.

Mwaka na nusu umepita. Presha ya mama mkwe imeshuka, Sista Yaling anaipima kila anapopanda. Kila asubuhi, kabla ya kidonge, mama mkwe anasimama mbele ya nguzo na kuweka kidole kwenye mstari wake. Siku hizi Alhamisi anakuja ghalani, anaketi kwenye lile benchi lililonishinda, na herufi saba anazijua. Muruk alipokohoa tena msimu wa mvua, nilimwambia kijana wa dirishani, "Andika umri. Andika na ugonjwa. Sasa nipe nisome." Nilisoma nikiwa nimesimama. Nyumba kumi na moja za Mindimbong zina karatasi mlangoni, na nne kati ya hizo zimeandikwa na wake wenyewe.

Gidisu hajachoka. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananingoja kwenye lango.

"Mke wa Sanangke! Yule kuku wangu wa radhi yuko wapi?"

"Yuko bandani, Baba Mdogo. Anataga."

"Na radhi yenyewe?"

"Hakuna."

"Mwaka na nusu sasa!"

"Hata iwe kumi. Siombi."